Uso Ulioninyang'anya Uwalii

Anayewajibika kwa kuondolewa kwangu katika nafasi ya walii kwenye ndoa ya binti yangu ni mjomba wa bwana harusi. Ni mtu mzima mwenye akili timamu. Alinitazama usoni mara moja, akahitimisha kwamba mimi ni mlevi, na akalisema hilo mahali ambapo sikuwepo kujibu. Nyuma yake yupo muuzaji wa duka la dawa aliyeniuzia krimu iliyoniharibu uso. Ninaanza na wahusika kwa sababu katika utumishi wangu nilizoea hivyo: mhusika kwanza, maelezo baadaye. Mimi mwenyewe simo miongoni mwa wasio na lawama, na hapo pia nitafika.

Nilizaliwa Ujiji na nimestaafia Ujiji. Nilikuwa ofisa utumishi serikalini, mtu wa kushughulikia ajira, likizo na nidhamu za wenzangu. Mtumishi aliyekuja kazini amelewa, barua ya kumtaka ajieleze ilitoka mezani kwangu. Pombe sijawahi kuionja, iwe ya ndizi, iwe ya mchikichi, iwe gongo. Silisemi hilo kwa kujisifu. Nalisema kwa kuwa lina uzito katika yatakayofuata.

Ugonjwa ulianza kama joto. Baada ya kustaafu nilijiingiza katika biashara ndogo ya dagaa, nikawa nakwenda Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, asubuhi boti zinapoingia, nasimama mchangani wakati wachuuzi wanaanika. Jua la pale hukupiga mara mbili: linakushukia kutoka juu, kisha linakurudia kutoka majini. Niliporudi nyumbani mashavu yaliwaka kama ya mtu aliyezabwa vibao, na moto huo haukupoa mpaka alasiri ipite. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa uzee. Lakini moto ukaanza kuja hata kivulini, nikiwa nimekunywa mchuzi wenye pilipili au nimekasirika kidogo tu.

Rangi yangu ni maji ya kunde, na kwa mtu wa rangi hii wekundu hauji ukiwa mwekundu. Ulikuja kama weusi ulioiva, wenye zambarau ndani yake, ukatanda juu ya pua na mashavu. Vikafuata vipele vidogo vyenye usaha, mimi ambaye chunusi ziliniaga kabla sijaoa. Kisha macho. Macho yalikuwa mekundu kweli, tena yakikwaruza kana kwamba upepo wa ziwa umeyajaza mchanga. Mwisho pua ikaanza kunenepa, vinyweleo vyake vikapanuka kama vya ganda la chungwa.

Kwenye baraza tunaponywea kahawa alikuwepo dereva mstaafu ambaye niliwahi kumwandikia barua ya onyo kwa sababu ya ulevi. Asubuhi moja alinitazama kwa muda mrefu, akashusha kikombe chake.

"Bosi," akasema, "pua hiyo naijua. Hata yangu ilianza hivyo hivyo."

Baraza zima lilicheka. Nami nilicheka, maana asiyecheka barazani ndiye anayedhaniwa kuwa na neno. Nilimaliza kahawa yangu ya moto, bila kujua kwamba nayo ilikuwa miongoni mwa vichochezi vya moto ule, nikarudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Tangu siku hiyo nilianza kuswali safu ya nyuma.

Ndipo nilipokwenda duka la dawa. Sikwenda hospitali, na sababu nitaieleza kama ilivyo: niliona haya kupanga foleni na akina mama wenye watoto wagonjwa, mzee mzima, kwa ajili ya vipele vya usoni. Muuzaji hakutoka hata nyuma ya kaunta. Alinitupia jicho mara moja, akasema ni aleji ya dagaa, akanipa tyubu ndogo ya krimu. Nilimuuliza ina nini ndani. Alisema, "Mzee wangu, hiyo ni ya kila kitu. Hata mabibi harusi wanaipaka." Nilimuuliza nipake kwa muda gani. Alisema mpaka nipendeze.

Nilipendeza. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa ndilo lililoniponza. Katika siku chache vipele vilinywea, moto ukatulia, nikarudi safu ya mbele na hata baraza la kahawa nikalikalia wima. Lakini kila nilipoiacha krimu, uso ulilipuka kuliko awali, nami nikarudi dukani kununua nyingine. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuona kwamba ngozi yangu imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, vijishipa vyekundu vikionekana chini yake kama nyuzi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninajichubua. Niligundua kwamba hata mke wangu, aliyelala ubavuni mwangu miaka yote hiyo, hana uhakika kama mumewe anatumia mkorogo. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili.

Wakati huo binti yangu wa kwanza alikuwa ameposwa. Kijana mwenyewe sina neno naye: mwalimu, mpole, wa familia inayojulikana pale mjini. Barua ya posa ilikuwa imejibiwa, ikabaki siku ya wazee wa upande wao kuja kwangu kukamilisha mazungumzo ya mahari na kupanga siku ya nikaha. Baba wa kijana alikwishafariki, na aliyeshika nafasi yake ni mjomba.

Siku mbili tatu kabla ya ujio huo uso ulilipuka, nami nilikuwa nimeiacha krimu kwa kuogopa maneno ya mke wangu. Dada yangu mkubwa alifika kutoka Ilagala kusaidia mapokezi. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akanikagua kama mtu anayekagua samaki.

"Huwezi kukaa na wakwe na uso huo," alisema. "Hiyo ni damu chafu. Lazima itoke kwa nyungu."

Anayetufahamu atakuwa ameshaelewa kosa lilipo. Kwetu nyungu ndiyo dawa isiyohojiwa. Homa ni nyungu, mafua ni nyungu, mwili mzito ni nyungu. Unachemsha majani ya mkaratusi, ya mchaichai na ya mlimau ndani ya chungu, unakiweka kati ya miguu yako, unafunikwa blanketi zito, unavuta mvuke mpaka jasho likutiririke. Dada yangu alilea wadogo zake wote kwa mvuke huo. Asubuhi ya siku ya wageni aliniketisha chumbani, akafunika, na kila nilipotaka kutoka alilikandamiza blanketi kwa mikono miwili na kusema bado, bado, uchafu haujatoka. Nami nilivumilia. Niliamini kwamba moto ninaousikia ndio uponyaji.

Nilipofunuliwa, mke wangu alishika mdomo. Nilijiona kwenye kioo cha kabati: uso umevimba, umeiva, unang'aa kwa unyevu. Macho yalikuwa kama ya mtu aliyekesha kilabuni, na pua imejaa. Nje gari lilikuwa limeshasimama, na nyumba yetu haina mlango wa kumtorosha mwenye nyumba.

Niliwapokea. Nilivaa kanzu yangu nyeupe, na sasa natambua kwamba weupe ule ulizidi kuuonyesha uso. Mjomba wa kijana alinipa mkono, akaushika kwa muda mfupi kuliko desturi, akanitazama machoni. Kisha akakaa mbali. Kutokana na majani ya nyungu nilinuka kitu kikali, nami nilikuwa nimetafuna karafuu ili kukiua. Mtu anayetafuna karafuu mchana kweupe, mwenye macho yale, anajulikana anaficha nini. Mazungumzo yalikwenda kwa adabu. Mahari ilikubalika bila mabishano, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, na waliondoka kabla ya chakula kupakuliwa, wakisema wana safari.

Ujumbe uliletwa na mdogo wangu, ambaye ni mtu mpole na alichukia kuubeba. Alikaa ukumbini akizungusha funguo za pikipiki yake kwa muda. Alisema wale watu wana neno dogo. Alisema hawana tatizo na binti, wala na familia. Wanakumbusha tu kwamba walii, yaani yule anayemwozesha mwanamke mbele ya kadhi na mashahidi, anatakiwa awe mwadilifu, na kwamba kwa ajili ya usalama wa ndoa wangependa mtu mwingine wa ukoo asimame.

"Wamesema mimi ni nani?" nilimuuliza.

"Kaka, usinifanye niseme."

"Sema."

"Wamesema walikukuta umelewa. Na kwamba uliwasogelea unanuka."

Nilifahamu haki yangu. Ningeweza kudai mashahidi, ningeweza kwenda kwa imamu ambaye ananijua tangu utotoni, ningeweza kuwaita wale wazee warudi na kuniambia usoni. Kwa watumishi wa serikali niliwahi kutetea utaratibu huo mara nyingi: hakuna anayehukumiwa bila kusikilizwa. Lakini ili nisikilizwe ilinibidi niupeleke uso wangu mbele za watu, na uso wenyewe ndio uliokuwa ushahidi dhidi yangu. Nilimwambia mdogo wangu asimame yeye. Kisheria hapakuwa na kasoro, kwa kuwa baba anaweza kumpa uwakala ndugu yake. Tulikubaliana kutangaza kwamba nina homa.

Jioni ile binti yangu aliniletea chai. Ujumbe alikuwa ameusikia, kwa kuwa kuta za nyumba yetu hazifichi kitu. Aliweka kikombe juu ya stuli, kisha akainama kuniwekea sukari, akainama karibu kuliko sukari ilivyohitaji, na akavuta pumzi polepole kwa pua.

Mwanangu alikuwa ananinusa.

Alipoinuka aliona kwamba nimeelewa. Alisema, "Samahani, baba," akatoka. Sijawahi kumlaumu. Ila katika aibu zote ninazozihifadhi, hiyo ndiyo ninayokutana nayo kila ninapoinua kikombe.

Siku ya nikaha nilikaa chumbani, dirisha nimelifunga. Msikiti hauko mbali na kwetu, na kipaza sauti chake hakiulizi nani anataka kusikia. Nilisikia hotuba. Nilisikia jina la binti yangu likitajwa, na jina langu baada ya jina lake, kisha sauti ya mdogo wangu ikisema anaozesha kwa niaba ya kaka yake mgonjwa. Nje akina mama wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimevaa kanzu, bila sababu yoyote.

Baadaye, mke wangu alipata habari kwamba daktari bingwa wa ngozi amekuja kwa kliniki ya muda katika hospitali moja mjini, na akanipeleka bila kuniuliza. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa kati, mwenye maneno machache. Aliniketisha dirishani kwenye mwanga, akabonyeza shavu langu kwa kipande cha kioo, akatazama rangi inavyopotea na kurudi. Aliuliza kama uso huwaka kwa jua, kwa vinywaji vya moto, kwa pilipili, kwa hasira. Nikasema ndiyo kwa yote. Akaniuliza kama ninatumia pombe, nami nikasimama.

"Kaa, mzee wangu," alisema. "Nimeuliza kwa kuwa pombe ni mojawapo ya vitu vinavyouamsha, kama ilivyo chai ya moto. Haiuleti. Ninao wagonjwa mashehe, ninao masista. Wote wameitwa walevi."

Nilikaa. Mke wangu alianza kulia kimya kimya, na hapo ndipo nilipojua alikuwa amebeba shaka kwa muda gani.

Ugonjwa unaitwa rosasea. Nauandika kama alivyonielezea, ili msomaji mwenye uso kama wangu asipitie njia yangu. Ni ugonjwa sugu wa ngozi ya uso. Mishipa midogo ya damu hutanuka kirahisi na kuchelewa kurudi, ngozi huvimba na kutoa vipele, na kwa baadhi ya watu hushika macho. Kwa wanaume wachache huinenepesha pua. Chanzo chake hakijulikani kikamilifu, na hakimo katika uchafu wa damu wala wa mwili. Hauambukizi. Wengi hudhani ni ugonjwa wa watu weupe, kwa kuwa kwao wekundu huonekana waziwazi, na kwa sababu hiyo sisi huambiwa tuna aleji, chunusi au matokeo ya kujichubua. Krimu niliyouziwa ilikuwa na steroidi, dawa ambayo huutuliza uso kwa muda na kisha kuufanya mbaya zaidi, na haikupaswa kupakwa usoni namna ile bila usimamizi wa daktari. Nyungu nayo, kwa ngozi kama yangu, ilikuwa sawa na kumwagia mafuta ya taa kwenye jiko.

Alinionya kwamba hauponi. Unatulizwa, na mgonjwa anaishi nao kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi. Aliniachisha krimu ile na kunieleza kwamba uso utachafuka kwanza kabla ya kutulia, jambo ambalo lilitokea, nami nikajifungia ndani tena. Alinipa jeli ya kupaka, vidonge vya kumeza kwa muda aliouweka, na mafuta ya kukinga jua ambayo ilibidi tuagize kutoka mbali. Macho niliagizwa kuyasafisha kwenye kope kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu. Kahawa nainywa ikiwa imepoa, na baraza zima hunicheka kwa hilo. Kofia yetu ya kiua haina ukingo wa kukinga jua, kwa hiyo nikienda Kibirizi navaa pama kubwa la majani juu yake, na jua likizidi nafungua mwavuli. Wachukuzi wa pale huniuliza mvua inatoka upande gani. Nawajibu kwamba inatoka Kongo.

Uso ulitulia. Haukurudi ulivyokuwa, na pua haitarudi kamwe, lakini moto ulipungua, vipele vikaondoka na macho yakawa meupe. Nilianza kuamini kwamba jambo hili limekwisha.

Kisha tukafanya akika, karamu ya kumshukuru Mungu kwa kuzaliwa mtoto, ya mjukuu wangu kwa binti yule, uani kwangu, mbele ya koo zote mbili. Nilikuwa nimesimama mlangoni kupokea wageni wakati mjomba yule alipoingia. Safari hii aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alinitazama usoni kwa muda, akatabasamu kwa wema ambao sina sababu ya kuutilia shaka, na akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mashaallah, mzee mwenzangu. Uso umerudi. Nimefurahi sana kuona umeacha. Mwenyezi Mungu akuthibitishe."

Waliokuwa karibu waligeuka. Binti yangu alikuwa hatua chache nyuma yangu, amempakata mtoto. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, rosasea, au hata kusema hapana. Lakini mtu alikuwa ameniombea dua, nyumbani kwangu, siku ya mjukuu wangu, na mdomo wangu ulifanya ulichofundishwa tangu utotoni.

Nilisema, "Amina."

Kupona kwangu kumekuwa ushahidi wa kosa ambalo sikulitenda, nami nimeutia sahihi kwa ulimi wangu. Hilo ndilo fungu langu la lawama nililoahidi kulifikia. Binti yangu alinitazama, kisha akamgeuza mtoto upande wa pili, kama mtu anayemkinga na jua. Hajaniuliza kwa nini niliitikia. Ningependa aniulize.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, naiondoa rasmi amina yangu. Namtaka muuzaji wa duka la dawa aeleze, mbele ya mamlaka inayomruhusu kufungua mlango wake kila asubuhi, ni kwa idhini ya nani aliniuzia dawa ya steroidi kwa ajili ya uso bila cheti cha daktari, na kama bado anaiuza. Na namtaka mjomba wa mkwe wangu afike uani kwangu, siku atakayoichagua mwenyewe, mbele ya wazee walewale aliowaambia kwamba mimi si mwadilifu, binti yangu akiwepo, aeleze aliiona wapi pombe niliyoinywa, nani aliishuhudia, na kwa nini mimi sikuulizwa. Akishindwa kueleza, namtaka atamke hivyo kwa sauti ileile aliyoniombea nayo dua.